Jina la Ndege Si Ukoo Wake: Cub, Gomhouria na Jamaa Zao

Msomaji mmoja ameniuliza: "Nina picha mbili za zamani, zote nyeusi na nyeupe. Ya kwanza ni ndege ndogo yenye bawa juu ya kibanda. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu 'Taylor Cub, 1936', lakini kila ninayemwonyesha ananiambia Cub ni ya Piper. Ya pili ina bawa chini na viti viwili vya kukaa bega kwa bega. Imeandikwa 'Gomhouria', ila rafiki yangu anaapa kwamba ni Bestmann ya Kijerumani. Nani anasema kweli? Na mtu anajuaje ndege adimu kama hizi zimetoka ukoo gani?"

Ndugu yangu, aliyeandika nyuma ya picha anasema kweli, wanaokubishia wanasema kweli, na rafiki yako naye hakuapa bure. Mnachobishania ni majina, na katika ndege ndogo za zamani jina ndilo lililobadilika upesi kuliko kitu kingine chochote. Kampuni ilifilisika, ikauzwa, ikahama mji, ikatoa leseni ng'ambo, na kila mara ndege ikavishwa jina jipya huku mwili ukibaki uleule. Mimi nikitafuta ukoo wa ndege, jina naliweka mwisho. Naanza na aliyeichora, kisha injini ilikotoka, namna bawa lilivyokatwa, na mikono ambayo leseni ilipitia. Tuzichukue picha zako kwa njia hiyo, na wengine tutakutana nao njiani.

Tuanze na Cub. C. Gilbert Taylor alikuwa akijenga ndege huko Bradford, Pennsylvania, nchini Marekani. Mmoja wa waliotia fedha zao ni William T. Piper, mfanyabiashara wa mafuta, ambaye alitaka itengenezwe ndege rahisi mno, ya kumfaa mwanafunzi asiye na mali. Ikatoka E-2, iliyojaribiwa mwaka 1930 ikiwa na injini iitwayo Tiger Kitten, yenye nguvu za farasi 20. Tafsiri yake ni kitoto cha chui milia, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo lilipozuka jina la Cub, yaani mtoto wa mnyama mkali. Injini yenyewe haikufua dafu. Ndege iliinuka kidogo tu kutoka ardhini, basi, na injini ikaondolewa. Kwa hiyo ukoo mzima wa Cub, maelfu kwa maelfu ya ndege, unabeba jina la utani la injini ambayo haikuweza kuurusha.

Iliyouokoa ukoo huo ni Continental A-40 ya mwaka 1931: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, nguvu za farasi 37. Nadhani watu huisahau mno injini hii. Kabla yake, aliyetaka kujenga ndege nyepesi alilazimika kuchagua kati ya injini kubwa ya bei ya kutisha na kijiinjini kisichoaminika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilifilisika, na Piper akazinunua mali zake kwa dola 761. Taylor akabaki kama mhandisi, lakini wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Mgogoro uliiva mhandisi kijana, Walter Jamouneau, alipoushika mchoro wa E-2 na kuulainisha: ncha za mabawa zilizokuwa zimekatwa mraba akaziviringa, na mkia vivyo hivyo. Taylor hakupendezwa hata kidogo. Mwishowe akaondoka, Piper akabaki na kiwanda, na ndege iliyolainishwa ikaanza kuuzwa kwa jina la J-2. Machi 1937 kiwanda cha Bradford kiliungua, wakahamia Lock Haven, Pennsylvania hiyohiyo, na ilikuwa mwishoni mwa mwaka huo ndipo kampuni ilipochukua jina la Piper. J-3 iliyofuata ndiyo Cub ambayo watu huifikiria wakisikia jina hilo, ile ya rangi ya njano. Zilijengwa zaidi ya 19,000 hadi mwaka 1947.

Sasa irudie picha yako. Mwaka 1936 hapakuwa na kiwanda chenye jina la Piper mlangoni, kwa hiyo aliyeandika "Taylor Cub" aliandika kilichokuwa kwenye hati za ndege. Wanaosema Piper nao wanalitaja jina ambalo ukoo uliishi nalo baadaye. La kutazama ni ncha za mabawa na usukani wa mkia. Vikiwa na pembe kama vimekatwa kwa msumeno, hiyo ni E-2, na ni adimu kweli. Vikiwa vya mviringo, una J-2.

Taylor hakukaa kimya alikokwenda. Alianzisha kampuni nyingine, Taylorcraft, iliyoweka makao Alliance, Ohio, na ndege aliyoichora huko ni kama jibu kwa kila alichoachia Bradford. Katika Cub watu wawili hukaa mmoja mbele ya mwenzake, na rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Katika Taylorcraft wanakaa sambamba. Kwa mbali, hata hivyo, ndege hizi hufanana kiasi cha kumchanganya mtu: bawa juu, vikingi viwili kila upande vinavyokutana chini kama herufi V, gurudumu dogo mkiani.

Tofauti ya damu iko bawani. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ingia chini ya bawa la Cub, uibandike kwenye ubavu mmoja, yaani kiunzi kinacholipa bawa umbo, kuanzia kwenye mhimili wa mbele (boriti ndefu ya bawa) kurudi nyuma. Itatulia, karibu ilale kabisa, kwa sababu umbo la bawa hilo, linaloitwa USA 35B, ni bapa kwa chini. Nenda kwenye Taylorcraft ufanye vilevile: rula inabembea, maana tumbo la bawa lenyewe limebenuka. Umbo hilo ni NACA 23012, kutoka maabara ya utafiti wa anga ya serikali ya Marekani, na lina kasi zaidi kwa injini ileile. Mara ya kwanza niliposhika rula chini ya Auster, ndege ya Kiingereza niliyoizoea kuiona kwenye picha za vita, nilitarajia kukuta bawa la Kiingereza. Rula ikabembea. Nilikuwa nimesimama chini ya bawa la Taylor.

Habari yake ndiyo hii. Mwaka 1938 ilifunguliwa kampuni huko Thurmaston, Leicestershire, Uingereza, ya kujenga Taylorcraft kwa leseni. Vita vikaja, jeshi likahitaji ndege nyepesi za kuelekeza mizinga, na mchoro wa Ohio ukaongezewa madirisha, ukabadilishiwa injini, ukapewa jina la Auster, neno la Kilatini la upepo wa kusini. Mwaka 1946 kampuni yenyewe ikachukua jina hilo. Katika vita hivyohivyo jeshi la Marekani lilikuwa likielekeza mizinga yake kwa L-4, yaani Cub ya Piper iliyopakwa rangi ya kijeshi. Taylor na Piper walishindwa kukaa meza moja, lakini ndege zao zilifanya kazi ileile juu ya vita vilevile, kila moja ikiwa na sare ya taifa lake.

Injini nayo ina ukoo wake, na mara nyingine ndiyo inayomvuta mtu hadi kwenye mzizi. De Havilland DH.60 Moth, iliyorushwa mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925, ilizaa nusu ya usafiri wa anga wa watu binafsi nchini Uingereza. Moyo wake ulikuwa injini ya Cirrus, na Cirrus ilikuwa nusu ya kitu kingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kulikuwa na marundo ya injini za Renault za silinda nane, nne kulia na nne kushoto kwa umbo la V. Mhandisi Frank Halford alichukua silinda za upande mmoja tu, akazisimamisha juu ya kasha jipya la kranki, akapata injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 60. Vipuri vya vita, kwa bei ya vipuri vya vita! Marundo yalipoanza kupungua, Halford huyohuyo akachora Gipsy, na baadaye Gipsy ikapinduliwa juu chini ili silinda zining'inie na rubani aone mbele.

Upinduzi huo una faida kwako unayesoma picha. Injini ya wima iliyosimama kawaida huweka propela chini ya pua na silinda juu, mbele ya macho ya rubani. Iliyopinduliwa huweka propela juu kabisa ya pua, na chini yake pua inakuwa nyembamba na ndefu kwenda chini, kama kidevu. Likumbuke hilo la kidevu, tutalihitaji.

Kutoka DH.60 ilikuja Tiger Moth, iliyoruka kwanza Oktoba 1931, na ndiyo inayonifanya niwaonye watu juu ya kufananisha ndege kwa macho. Jeshi la anga la Uingereza lilitaka mwalimu aliyekaa kiti cha mbele aweze kuruka nje akiwa na parachuti. Kwenye Moth ya zamani asingeweza, kwani kichwani mwake kulikuwa na bawa la juu na vikingi vyake pande zote. Wakalisogeza bawa hilo mbele. Lakini ukisogeza bawa mbele, mahali ndege inapobebwa na hewa nako kunasogea, na mkia unakuwa mzito. Basi wakazivuta ncha za mabawa nyuma ili mizani irudi. Hivyo ndivyo Tiger Moth ilivyopata mabawa yake yaliyolala nyuma.

Sasa weka pembeni yake Stampe SV.4 ya Ubelgiji ya 1933 na Bücker Jungmann ya Ujerumani ya 1934. Zote tatu zina mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini, zote zimelaza mabawa nyuma, zote zina viti viwili vilivyo wazi. Nimewasikia watu wazima, wajuzi kabisa, wakisema Jungmann ni nakala ya Tiger Moth. Siyo. Hesabu vibao vya kuinamisha ndege, vile vinavyopanda na kushuka ukingoni mwa mabawa: Tiger Moth inavyo viwili, kwenye bawa la chini tu. Stampe na Jungmann zina vinne, juu na chini, na ndiyo maana zinageuka hewani kwa wepesi ambao Tiger Moth haina. Kufanana kule kwa nje kumeletwa na shida inayofanana, ya watu wawili kukaa chini ya bawa na kuhitaji kutoka. Wabunifu wawili wasiojuana wakipewa shida moja hufika karibu na jibu moja.

Jungmann inatupeleka kwenye picha yako ya pili. Carl Clemens Bücker alikuwa rubani wa zamani wa jeshi la majini la Ujerumani aliyeendesha kampuni ya ndege nchini Sweden. Aliporudi kwao mwaka 1933 hakurudi peke yake. Alikuja na mbunifu wa Kiswidi, Anders J. Andersson. Jungmann, ile ambayo dunia inaiita ya Kijerumani kabisa, ilitoka kwenye kalamu ya Mswidi. Ikasambaa kwa leseni hadi Japani, ambako jeshi la nchi kavu lilijengewa zaidi ya elfu moja kwa jina la Ki-86, na Hispania, ambako kampuni ya CASA iliijenga kwa jina la 1.131. Jungmann nyingi zinazoonekana leo kwenye maonyesho zikiwa na rangi za Kijerumani zilizaliwa Hispania. Sisemi kwamba ni za bandia, maana mchoro ni uleule na leseni ilikuwa halali. Ila mwenye kuuza akikwambia "ya Kijerumani", muulize ya kiwanda gani.

Andersson pia ndiye aliyechora Bü 181 Bestmann, iliyoruka mwaka 1939. Hiyo ina bawa moja, chini, viti viwili sambamba, kiunzi cha mabomba ya chuma kwa mbele, na kuanzia nyuma ya viti mwili wa mbao ulioviringwa kama ganda. Wakati wa vita ilijengwa pia katika viwanda vya Zlin, Chekoslovakia, na vita vilipokwisha Wacheki walikuwa na vifaa, michoro na mafundi wenye uzoefu. Wakaendelea tu. Ndege ikaitwa Zlin 281, kisha 381, kutegemea injini. Na katika miaka ya 1950 Misri ikachukua leseni kutoka kwa Wacheki, ikajenga ndege hiyo katika kiwanda cha Heliopolis, ikaipa jina la taifa jipya lililokuwa limemwondoa mfalme: Gomhouria. Soma kwa sauti, ukikumbuka kwamba Wamisri hutamka G palipo na J. Ni neno lilelile tunaloliita sisi Jamhuri.

Kwa hiyo rafiki yako ana haki, nawe una haki. Mchoro wa Mswidi, uliofanywa Ujerumani, ukakulia Chekoslovakia, ukapata uraia Misri. Andersson mwenyewe alikuwa amesharudi kwao, akaajiriwa na Saab, na mwaka 1945 ikatoka Saab 91 Safir. Weka picha ya Safir kando ya Bestmann. Safir ni ya chuma na miguu yake inakunjwa, lakini kibanda, watu wawili waliokaa bega kwa bega na mkao mzima wa ndege vina sura ya mkono mmoja. Hakuna leseni inayoziunganisha ndege hizi mbili. Kinachoziunganisha ni mtu, na ndiyo maana naanza na mchoraji.

Mtu mwingine wa kufuatwa hivyo ni Robert Lusser. Alichora ndege za michezo katika kampuni ya Klemm, akahamia kwa Messerschmitt na kushiriki katika Bf 108 Taifun, ndege ya chuma ya matembezi iliyotayarishwa kwa mashindano ya mwaka 1934. Mwaka uliofuata ikaja Bf 109, ndege ya vita, ikitumia mengi waliyojifunza kwenye Taifun. Watu hudhani ndege ya raia huwa ni binti wa ndege ya kivita. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Na Taifun nyingi utakazozikuta leo ni Nord za Kifaransa, kwa sababu uundaji ulikuwa umehamishiwa Les Mureaux wakati Ufaransa imekaliwa, na Wafaransa wakaendelea nao baada ya ukombozi kwa injini zao za Renault.

Klemm yenyewe ina somo dogo zuri kuhusu pembe. Waingereza walijenga Klemm L 25 kwa leseni huko Hanworth, wakaiita Swallow. Walipoirekebisha ili iwe rahisi kujengwa, ncha za mabawa zilizokuwa za mviringo wakazikata mraba. Jamouneau alikuwa akiviringa ili apate wateja. Hawa walikuwa wakikata ili wapunguze saa za fundi. Ukiona ndege mbili za ukoo mmoja zinazotofautiana kwa ncha tu, usikimbilie kusema yenye mviringo ndiyo mpya.

Halafu kuna wajina. Sisi Waswahili tuna neno moja, ndege, kwa mnyama na kwa chombo, na inaelekea wabunifu wa Kiingereza walitamani wawe nalo, maana waliviita vyombo vyao kwa majina ya ndege wa porini hadi majina yakawaishia na kurudiwa. Comper Swift ya Uingereza, ya mwaka 1930, ni ndege ya mbao ya mtu mmoja, yenye injini ya silinda zilizopangwa mduara. Globe Swift ya Marekani, ya miaka ya 1940, ni ya chuma, ina viti viwili, na miguu yake inakunjwa. Hazina hata msumari mmoja wa pamoja. Aliyeandika "Swift" nyuma ya picha hajakwambia kitu.

Kuna pia majina yaliyotafsiriwa, na haya hunifurahisha. Mfaransa Claude Piel alichora ndege ya mbao yenye mabawa ya duaradufu, ikaruka mwaka 1954 kwa jina la Emeraude. Iliyojengwa Ujerumani ikaitwa Smaragd. Ni jiwe lilelile, zumaridi, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba maneno yote matatu ni ndugu. Waingereza waliijenga pia, chache sana, wakaivunja minyororo ya jiwe na kuiita Linnet, jina la ndege mdogo mwimbaji. Linnet ni adimu hasa. Lakini damu yake haikupotea: kutoka Emeraude ilizaliwa CAP 10 ya mwaka 1968, ndege ya michezo ya angani ambayo marubani wengi wa Ufaransa wamejifunzia kupinduka.

Kuna ndege nyingine ambayo naiita mtoto wa kufikia. Fred Weick, mhandisi aliyefanya utafiti wa anga kwa serikali ya Marekani, alitaka ndege isiyoweza kumuua mwanafunzi kwa kosa la kawaida. Katika Ercoupe, iliyoanza kuuzwa mwaka 1940, aliondoa kabisa pedali za usukani wa mkia. Ukizungusha usukani, mabawa na mkia vinafanya kazi pamoja, na uwezo wa kuinua pua umewekewa kikomo ili ndege isiweze kuzunguka kama pia na kuanguka. Mkia wake una visu viwili, yaani vibao vya kusimama wima, kimoja kila ncha. Mwaka 1946 ziliuzwa zaidi ya 4,000, kisha soko likaporomoka, na haki za kuijenga zikaanza kuhamahama: Forney, Alon, na mwisho Mooney huko Texas. Mooney ilikuwa na alama yake ya nyumbani, mkia uliosimama wima kwa mbele, ambao kwa macho unaonekana kana kwamba umebandikwa kinyume. Ikakata visu viwili vya Weick na kupachika mkia wake, ikaiita Cadet. Hazifiki mia moja. Mtu akiiona kwa nyuma ataapa ni Mooney. Akizunguka na kutazama bawa na kibanda atamwona Weick. Hii ndiyo sababu mkia peke yake siutegemei kamwe.

Umeuliza pia habari ya uadimu, na hapo lazima utenganishe mambo mawili. Kuna ndege iliyozaliwa adimu. Chilton D.W.1 ya mwaka 1937 ilichorwa na vijana wawili waliotoka chuo cha ufundi cha de Havilland, Dalrymple na Ward. Herufi D na W ni zao. Waliweka injini ya gari la Ford iliyogeuzwa kwa matumizi ya ndege, nguvu za farasi 32, kwenye kimwili cha mbao kilicholainishwa kama kokwa. Zilijengwa nne, basi.

Na kuna ndege iliyofanywa adimu na maisha. Percival Vega Gull ndiyo iliyombeba Beryl Markham Septemba 1936, kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi hadi Nova Scotia. Ubavuni ilikuwa na herufi VP-KCC, za usajili wa Kenya wa zama zile, ingawa ilijengwa Uingereza. Herufi za usajili zinakuonyesha ndege iliandikishwa wapi, hazikwambii ilizaliwa wapi. Jeshi liliuchukua mchoro wa Vega Gull na kuugeuza Proctor, zikajengwa zaidi ya elfu moja. Elfu moja! Leo kuiona Proctor ikiruka ni bahati. Ilikuwa ndege ya mbao, na ndege za mbao za miaka hiyo hufa kwa gundi. Gundi ya maziwa ina nguvu ajabu ikiwa kavu, lakini unyevu ukiingia, ukungu unaila. Na gundi iliyokufa haionekani kwa nje, utaisikia. Unagonga ngozi ya plaiwudi kwa ncha ya kidole ukifuata mstari wa ubavu: to, to, to, kisha ghafla sauti inakuwa ya debe. Bawa moja nililowahi kulifungua, kipande cha ubavu kilibaki mkononi mwangu bila mbao kuvunjika popote. Kilikuwa kimeachia kama ganda la yai lililochemshwa.

Hiyo pia ndiyo sababu ya kutilia shaka kibati cha namba ambacho kiwanda hukipachika kwenye ndege. Ndege ya mbao iliyokarabatiwa kikamilifu huenda imebaki na kibati, vifungo vya chuma na hati zake, na kila ubavu ukawa mpya. Sioni aibu katika hilo, mradi mwenye ndege aseme. Lakini ukitaka kujua mwaka wa mchoro, soma vifungo vya chuma na mpangilio wa mhimili kabla hujasoma kibati.

Picha yako ya Gomhouria sasa. Wamisri waliijenga kwa miaka mingi na injini zikabadilika. Za mwanzo zilikuwa na injini ya Kicheki ya wima iliyopinduliwa, na za baadaye zikafungwa Continental ya silinda zilizolala, ukoo uleule wa kampuni iliyoiokoa Cub. Chukua kioo cha kukuza, utazame pua. Propela ikiwa juu na kidevu kikishuka chini yake, ni ya mwanzo, iliyo karibu zaidi na Bestmann. Pua ikiwa pana, na tundu la hewa kila upande wa propela, ni ya baadaye. Kama pua imefichwa na mtu aliyesimama mbele, kama ilivyo kawaida ya picha za familia, nitumie picha nzima, pamoja na viatu vyake na kivuli cha ndege ardhini. Mara nyingine kivuli kinaonyesha kidevu ambacho mtu amekiziba.